Habari za Ebrahim Hussein, Mtungaji wa Michezo

1. Mpakani Tunduma

Mtu akisimama mjini Tunduma asubuhi, penye njia kuu itokayo Dar es Salaam, ataona magari makubwa yamejipanga safu ndefu, kila gari likingoja zamu yake ya kuvuka mpaka. Ng'ambo ni Nakonde, mji wa Zambia. Magari mengine yanakwenda, yamechukua mafuta, mbolea na vitu vya dukani vilivyoshushwa bandarini. Mengine yanakuja, yamechukua shaba ipelekwe melini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Tanzania na Zambia kwa msaada wa China tangu mwaka wa 1970 hata 1975, nayo yavuka mpaka huo huo. Basi mizigo huingia na mizigo hutoka, mchana na usiku.

Lakini si mizigo ya magari peke yake ivukayo mpaka. Maneno nayo huvuka. Mnyamwanga wa upande huu na Mnyamwanga wa upande ule huelewana bila taabu, kwa kuwa mpaka ulichorwa katikati ya kabila moja. Lakini Mbemba atokaye mbali akitaka kununua mpunga wa Mnyiha wa Mbozi au maharage ya Mndali wa Ileje, yambidi atafute lugha ambayo wote wawili waijua. Asipoipata, humwita mtu wa tatu ajuaye lugha zote mbili, awasemee. Mtu huyo twamwita mkalimani.

Kazi ya mkalimani yaonekana kuwa ndogo, kwa sababu hachukui gunia wala hasukumi mkokoteni. Lakini fikirini vema. Mnunuzi na muuzaji wote wawili wamemtumaini yeye. Akipunguza neno moja, mmoja wao aweza kupoteza mali yake. Akiongeza neno moja, ugomvi waweza kuzuka. Mchukuzi wa gunia akiangusha mzigo, watu wote huona. Mchukuzi wa maneno akiangusha mzigo, pengine hapana aonaye, ila madhara yake hubaki.

Yuko mchukuzi wa maneno mwingine, asiyesimama sokoni, bali huketi mezani na kalamu yake. Huyo ni mfasiri. Huchukua maneno yaliyoandikwa kwa lugha moja akayaandika kwa lugha nyingine. Tena katika wafasiri wote, mwenye kazi ngumu kuliko wenzake ni yule afasiriye mchezo wa kuigiza. Katika somo hili tutasoma habari za mtu mmoja wa Tanzania aliyetunga michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, kisha akauvusha mmoja wao mwenyewe mpaka katika lugha nyingine. Jina lake ni Ebrahim Hussein.

2. Mchezo wa kuigiza ni kitu gani?

Kabla ya kusoma habari zake, yafaa tujue kwanza mchezo wa kuigiza ni kitu gani. Siku hizi wataalamu huuita tamthilia. Wazee wetu hawakuwa na jina hilo, lakini jambo lenyewe walilijua. Bibi atambaye hadithi karibu na moto, akabadili sauti yake ikawa nzito anaposema simba na nyembamba anaposema sungura, ameigiza. Wacheza ngoma wavaao ngozi na kuonyesha mwendo wa mwindaji, nao wameigiza.

Mchezo ulioandikwa una tofauti moja kubwa. Mtungaji huandika maneno ya kila mtu, kisha huyakabidhi kwa wengine. Yeye mwenyewe hatakuwapo. Waigizaji ndio watakaoyasema, na watu walioketi mbele yao ndio watakaoyasikia. Msomaji wa kitabu asipofahamu, aweza kurudi nyuma na kusoma tena mara mbili au tatu. Msikilizaji wa mchezo hana nafasi hiyo. Neno likishasemwa limepita, na jingine laja nyuma yake. Kwa hiyo neno la mchezo hapana budi liwe jepesi kinywani, wazi sikioni, na zito moyoni, mambo matatu kwa mara moja.

3. Ujana wake na masomo yake

Ebrahim Hussein alizaliwa mwaka wa 1943 katika pwani ya kusini ya nchi iliyoitwa wakati huo Tanganyika. Pwani hiyo ni nchi ya Kiswahili cha zamani. Watu wake wamezoea mashairi, mafumbo na mithali, na mtoto akuaye huko husikia lugha iliyopambwa tangu angali mdogo. Tena nyuma ya pwani hiyo, katika vilima vya Umatumbi na bonde la mto Rufiji, ndiko kulikoanzia vita vya Maji Maji. Wazee walioviona vita hivyo walikuwa hai bado wakati wa utoto wake.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye Hussein alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi. Baadaye alisoma katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na huko alijifunza sanaa ya michezo ya kuigiza. Wanafunzi wa siku zile walikuwa na swali moja zito mioyoni mwao. Michezo mingi waliyoiona ilikuwa ya Kiingereza, imetungwa na Waingereza, tena yahusu wafalme na watu wa Ulaya. Wakaulizana: Je, sisi hatuna habari yetu wenyewe ya kuigiza? Na kama tunayo, tutaisema kwa lugha gani?

Hussein alijibu kwa kazi, wala si kwa maneno matupu. Alianza kwa michezo mifupi. Kisha, mwaka wa 1969, alipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita hivi, mchezo wake mkubwa ulichapishwa kwa Kiswahili. Jina lake ni Kinjeketile.

4. Habari ya vita vya Maji Maji

Ili tuufahamu mchezo huo, na tukumbuke habari yenyewe. Wajerumani walipoitawala nchi hii, waliwatoza watu kodi, wakawalazimisha kulima pamba. Wanaume walitolewa katika mashamba yao wenyewe wakati wa kilimo, wakapelekwa kulima shamba lisilowapa chakula. Aliyekawia alichapwa kiboko. Ujira wao ulikuwa kidogo sana, na wengine walikataa hata kuupokea.

Katika kijiji cha Ngarambe palikuwa na mganga, jina lake Kinjekitile Ngwale. Mwaka wa 1904 alianza kuwaambia watu kwamba amepewa maji yenye nguvu, na mtu atakayeyapata hatadhuriwa na risasi ya Mjerumani. Watu wa makabila mengi, ambao zamani hawakupatana, walikwenda kwake kwa makundi. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba shambani, na vita vikaanza. Wajerumani walimkamata Kinjekitile wakamnyonga mapema mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini vita havikukoma. Vilienea mpaka Mahenge, Ungoni na kwingineko, vikaendelea hata mwaka wa 1907.

Maji hayakuzuia risasi. Watu wengi mno walikufa, na waliokufa kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa bunduki. Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000. Wataalamu wa baadaye wamekadiria kwamba walifika 250,000 au zaidi.

5. Kinjeketile katika mchezo

Habari hiyo ni ya kweli, na mtu aweza kudhani kwamba kazi ya Hussein ilikuwa nyepesi, yaani kuyaandika tu mambo jinsi yalivyotokea. Sivyo. Mwandishi wa historia huuliza: Mambo yalikuwaje? Mtungaji wa mchezo huuliza: Mtu yule alikuwa na nini moyoni mwake? Hussein mwenyewe alieleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule Kinjekitile wa historia hasa, bali ni mtu wa sanaa, aliyeumbwa na mtungaji. Hata namna ya kuliandika jina ilitofautiana kidogo.

Katika mchezo huo twaona watu wa makabila mbalimbali, Wamatumbi, Wangindo, Warufiji, Wazaramo, wote wanateswa, lakini kila kabila lamdhania mwenzake vibaya. Kinjeketile anapagawa na pepo, atoka majini, naye anawapa watu maji na neno la umoja. Ghafula wale waliotengana wawa kitu kimoja. Wamempata kiongozi, wamepata tumaini.

Lakini baadaye Kinjeketile, akili yake ilipomrudia, ayafikiri maneno aliyoyasema alipokuwa amepagawa, akaona shaka. Kwa maana alikuwa amesema pia kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja. Ajiuliza: Tukimfukuza mtawala mmoja kisha tukawa chini ya mwingine, tutakuwa tumepata nini? Basi ataka watu wangoje, wajifunze vita, wawe tayari. Lakini watu hawataki kungoja. Neno alilolitoa limekwisha kuwa lao, naye hawezi kulirudisha. Waenda vitani wakiyatumaini maji, na risasi zawaua.

Mwishoni Kinjeketile yumo kifungoni, amepigwa sana. Mjerumani ataka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Hapo ndipo penye fundo la mchezo wote. Je, aseme? Yeye mwenyewe ajua kwamba maji hayakuzuia risasi. Lakini ajua pia kwamba, akilitamka hilo mbele ya adui, adui atawaambia watoto na wajukuu kwamba baba zao walikuwa wapumbavu, na kwamba kupigania haki kulikuwa kosa. Maji yamewadanganya watu; umoja haukuwadanganya. Maneno hayo mawili yamefungwa pamoja katika kinywa chake, naye hawezi kulikana moja bila kuliua la pili. Akakataa kusema.

Wanafunzi, msifanye haraka kutoa hukumu hapa. Wako wasomaji wasemao Kinjeketile alitenda vema, na wako wasemao kwamba kiongozi aliyewapoteza watu wake hana budi kuungama wazi. Hussein hakuandika jibu kwa wino. Aliliacha swali mikononi mwa wasikilizaji, waende nalo nyumbani. Hiyo ndiyo ada ya mtungaji mwema.

Angalieni pia jinsi alivyobadili jambo moja. Katika historia, Kinjekitile alinyongwa vita vilipokuwa vichanga. Katika mchezo, Kinjeketile aishi hata akaona watu wake wameshindwa. Kwa nini Hussein alifanya hivyo? Kwa sababu mtu aliyekufa kabla ya matokeo hawezi kuulizwa swali lile gumu. Mtungaji alimweka hai kidogo zaidi, ili apate kulipima neno lake mwenyewe.

6. Kuuvusha mchezo

Mwaka wa 1970, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Kiswahili, mchezo wa Kinjeketile ulitoka kwa Kiingereza. Aliyeufasiri ni Hussein mwenyewe. Hivyo watu wa nchi nyingine za Afrika, na wa ng'ambo ya bahari, wakapata kuusoma.

Huenda mtu akasema: Alitunga mwenyewe, alifasiri mwenyewe, taabu iko wapi? Na tutazame mifano michache, nanyi mtaiona taabu ya kila mfasiri wa mchezo.

Mfano wa kwanza. Kwa Kiswahili mtu aweza kuingia akasema, "Amekuja." Hatujui aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, nasi twangoja kwa hamu. Kiingereza hakina neno moja la kuwafunika wote wawili hivyo; lina neno lake la mwanamume na neno lake la mwanamke. Basi mfasiri analazimika kuifichua siri kabla ya wakati wake, au kuibadili sentensi nzima.

Mfano wa pili. Sisi twatofautisha shangazi na mama mdogo, baba mkubwa na mjomba. Kila mmoja ana heshima yake na haki zake katika ukoo. Kiingereza huwaita shangazi na mama mdogo kwa jina moja, na baba mkubwa na mjomba kwa jina moja. Mfasiri akiandika jina hilo peke yake, msikilizaji hatajua mtu huyu ana haki gani nyumbani.

Mfano wa tatu. Maneno mengine hayafasiriki, na heri yaachwe. Vitabu vya Kiingereza na vya Kijerumani vyote huviita vita vile Maji Maji. Hapana anayeviita kwa jina la maji katika lugha yake. Neno hilo limevuka mipaka yote likiwa limevaa nguo zake lenyewe, kwa kuwa watu waliolitamka walikufa nalo midomoni.

Katika siku zizo hizo kazi nyingine ya namna hii ilikuwa ikifanyika, ila mzigo wake ulielekea upande wa pili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mkuu wa nchi, aliuleta mchezo wa Shakespeare katika Kiswahili. Shakespeare ni mtungaji mkubwa wa Uingereza, aliyefariki mwaka wa 1616. Tafsiri ya kwanza ya Mwalimu ilitoka mwaka wa 1963, nayo yahusu habari za Kaizari wa Rumi aliyeuawa na rafiki zake. Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Mstari wa Shakespeare kwa desturi una silabi kumi tu, na maneno mengi ya Kiingereza ni ya silabi moja moja; maneno yetu mengi yana silabi mbili, tatu au nne. Mfasiri asipoangalia, mwigizaji ataishiwa na pumzi kabla ya kufika mwisho wa mstari.

Baada ya miaka sita Mwalimu aliisahihisha tafsiri yake, ikatoka tena mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Zingatieni jambo hili, ninyi mnaoona haya kufuta kosa katika daftari. Mtu mwenye kazi zote za nchi mabegani mwake alikaa chini akairudia kazi aliyokwisha kuimaliza, kwa kuwa aliona yaweza kuwa bora zaidi.

Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza lamtaja mfanya biashara mmoja tu; Mwalimu aliandika "mabepari", yaani wengi. Tena neno bepari, lililotoka kwa wafanya biashara wa Kihindi, zamani lilikuwa na maana ya mchuuzi tu, lakini baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 lilikuwa na ladha nyingine, ya mtu anayenenepa kwa jasho la wengine. Kwa neno moja Mwalimu aliwaambia wasomaji wake jinsi alivyouona mchezo. Mnaona basi kwamba mfasiri si kioo tu. Ana macho yake pia. Naye Samuel Mushi alifasiri michezo mingine miwili ya Shakespeare, Makbeth mwaka wa 1968 na Tufani mwaka wa 1969.

Hivyo mwaka wa 1969 na wa 1970 mpaka wa Kiswahili ulikuwa kama mpaka wa Tunduma. Mizigo iliingia, na mzigo wa Kinjeketile ukatoka. Lugha ipokeayo tu bila kutoa ni kama soko ambalo watu huja kuuza wala hapana mwenyeji aliye na bidhaa. Lugha itoayo tu bila kupokea ni kama nyumba isiyobishwa hodi. Lugha yenye afya hufanya yote mawili.

7. Kazi zake za baadaye

Hussein hakukaa akaridhika na sifa za mchezo mmoja. Mwaka wa 1971 ulichapishwa mchezo wake Mashetani. Ndani yake mna vijana wawili wanafunzi, Juma na Kitaru, marafiki wenye kupendana. Jamaa za mmoja walikuwa na mali zamani, wakaipoteza. Jamaa za mwingine wamepata mali baada ya uhuru. Urafiki wao wapimwa na mambo wasiyoyafanya wao. Wako waliosema kwamba mchezo huo ni mgumu, kwa kuwa umejaa mafumbo. Lakini fumbo si kosa. Mwenye kufumbua hupata zaidi ya mwenye kumegewa.

Kisha alikwenda kusoma Berlin, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, katika nchi iliyoitwa wakati ule Ujerumani ya Mashariki. Huko alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1975, kwa maandiko yake juu ya maendeleo ya michezo ya kuigiza katika Afrika Mashariki. Tafakarini jambo hili. Kutoka mji ule ule wa Berlin zilitoka amri za kuitawala nchi yetu zamani. Na miaka sabini baada ya vita vya Maji Maji, mtu wa pwani ya kusini aliketi huko akiwafundisha Wajerumani habari za sanaa ya kwao. Hakwenda kwa kisasi. Alikwenda kujifunza na kufundisha.

Mwaka wa 1976 ilitoka michezo miwili katika kitabu kimoja, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Humo alirudi kwa yule bibi wa karibu na moto tuliyemtaja mwanzoni, kwa kuwa michezo hiyo hufuata namna ya mtambaji wa hadithi, aliye peke yake mbele ya watu. Mwaka wa 1980 ulitoka mchezo wa Arusi, na mwaka wa 1988 ukatoka Kwenye Ukingo wa Thim. Mchezo huo wa mwisho wahusu ugomvi wa maziko: mume amekufa, mke ataka kumzika mahali pamoja, na ukoo wa mume wataka kumzika pengine. Thim ni neno la Kijaluo, na maana yake ni pori. Mtungaji angeweza kuandika "Kwenye Ukingo wa Pori." Lakini aliliacha neno la Kijaluo lisimame katika jina la kitabu cha Kiswahili, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni wala asivuliwe kofia yake.

Hussein alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akafikia cheo cha profesa. Baadaye aliiacha kazi hiyo akaishi kwa utulivu, mbali na makelele ya sifa. Michezo yake iliendelea kusomwa na kuigizwa pasipo yeye kuwapo, nayo ikasomwa mashuleni kwa miaka mingi. Hata tuzo ya mashairi ya Kiswahili ilianzishwa kwa jina lake.

8. Tujifunze nini?

Sisi wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka wa 2016 kutoka katika Mkoa wa Mbeya, tunayo sababu ya kuipenda habari hii. Wengi wetu twajua lugha mbili au tatu kabla ya kwenda shule. Nyumbani twasema Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au nyingine. Shuleni twasema Kiswahili na kujifunza Kiingereza. Mpakani twasikia Kibemba. Wako watoto waionao hali hiyo kuwa mzigo, wakaona haya kusema lugha ya nyumbani mbele ya wenzao. Hao wamepewa mali, wanaitupa. Ajuaye lugha mbili ana milango miwili. Ajuaye tatu ana mitatu.

Lakini milango ina wajibu wake. Bibi yako akikutuma sokoni umkalimanie, nawe ukaona maneno yake ni marefu, usiyakate kwa uvivu. Muuzaji akisema bei, usiongeze chako. Mgeni akisema neno la ukali, usilifanye tamu kwa hofu wala kali zaidi kwa mzaha. Kama hukufahamu, sema, "Sikufahamu, tafadhali rudia." Si aibu. Aibu ni kuvusha mzigo usioujua.

Na neno la mwisho ni lile la Kinjeketile. Neno likikwisha kutoka kinywani haliwi lako tena. Laweza kuwaunganisha watu waliotengana. Laweza pia kuwapeleka kwenye risasi. Kinjeketile alilipima neno lake baada ya kulisema, na kulirudisha hakuweza. Sisi, tunaosoma habari zake, tunayo nafasi ambayo yeye hakuipata: kupima kwanza, kusema baadaye.

Maswali

1. Kwa nini mkalimani akikosa hudhuru kuliko mchukuzi aangushaye gunia?
2. Msikilizaji wa mchezo ana shida gani ambayo msomaji wa kitabu hana?
3. Eleza tofauti moja kati ya Kinjekitile wa historia na Kinjeketile wa mchezo. Kwa nini mtungaji alifanya badiliko hilo?
4. Mjerumani alitaka Kinjeketile aseme nini? Wewe ungalitenda nini, na kwa sababu gani?
5. Mwalimu Nyerere aliifanya nini tafsiri yake ya kwanza mwaka wa 1969? Twajifunza nini hapo?
6. Tafuta neno moja la lugha ya nyumbani kwenu lisilofasirika kwa neno moja la Kiswahili. Lieleze maana yake kwa sentensi tatu.
7. Andikeni mchezo mfupi wa mnunuzi, muuzaji na mkalimani katika soko la Tunduma. Mkalimani akose neno moja tu. Kisha uigizeni mbele ya darasa.